Barua ya Mkopo Isiyokopesha

Jioni pale Lukozi, malori ya kabichi hupakiwa huku ukungu ukishuka. Mkulima husimama pembeni akihesabu magunia yanavyopanda, utingo anakaza kamba juu ya turubai, gari linaanza kuteremka kuelekea Lushoto, Soni na Mombo, na hakuna senti iliyotolewa. Dalali aliyeko Dar es Salaam atauza, atakata chake, kitakachobaki atakituma kwa simu. Wafanyabiashara wana jina la mpango huu: mali kauli. Mali imekwenda, kilichobaki mkononi ni kauli. Mkulima hupata usingizi kwa sababu dalali huyo anamfahamu, anajua alikooa, na anajua kwamba msimu ujao atarudi tena kutafuta kabichi. Akidhulumu mmoja Lukozi, Malindi na Mlalo watakuwa na habari kabla ya soko lijalo.

Nimeanza na kabichi kwa makusudi, ingawa ninalotaka kulieleza ni neno la kibenki.

Mama mmoja mwenye duka la sare za shule mjini Lushoto alinipigia simu. Kwa miaka mingi amekuwa akinunua sweta kwa wauzaji wa jumla wa Kariakoo. Huku juu sweta si pambo. Mji uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai mtoto asiye na sweta hakai darasani akasikia la mwalimu. Safari hii alitaka kuruka Kariakoo na kuagiza mwenyewe kiwandani China, sweta 600 za rangi moja, zenye mstari shingoni. Kiwanda kilimletea profoma, na chini kabisa, mahali pa masharti ya malipo, pameandikwa herufi nne: TT au LC.

"Mwalimu, TT naijua," aliniambia. "Hiyo LC kwa Kiswahili ndiyo nini?"

Nilimjibu kama nilivyofundishwa: ni barua ya mkopo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi sitaki. Mimi sina shida ya mkopo, hela ninayo."

Hapo nikaona kwamba nimemdanganya mteja kwa tafsiri. Neno la Kiingereza ni letter of credit, na ukilichukua kipande kwa kipande, la kwanza linakupa barua, la mwisho linakupa mkopo, na ukiyaunganisha unapata kitu ambacho hakipo. LC haimkopeshi mtu. Mfanyabiashara mdogo akienda kufungua LC, mara nyingi benki humtaka kwanza aweke fedha yote, ikae kando isiguswe. Mkopo wa aina gani huo, unaoanza kwa mkopaji kutoa hela yake mwenyewe?

Tuangalie basi kinachofanyika, halafu tutafute jina. Mama wa Lushoto hamjui mwenye kiwanda, na mwenye kiwanda hajui hata kama Lushoto ni mji au ni jina la ukoo. Mama akitanguliza fedha, anaogopa kuletewa matambara. Kiwanda kikitanguliza sweta, kinaogopa kukimbiwa. Kwa hiyo mama anaiomba benki yake iandike ahadi: ukiniletea nyaraka hizi na hizi, zikithibitisha kwamba mzigo huu umepakiwa melini kabla ya tarehe fulani, mimi benki nitakulipa. Ahadi inatumwa kwenye benki ya upande wa kiwanda, ambayo inakifahamisha kiwanda. Kiwanda kinashona, kinapakia, kinakusanya nyaraka, kinazipeleka benki. Benki zinakagua karatasi, fedha inalipwa, na mama anapewa nyaraka za kutolea mzigo bandarini Tanga au Dar es Salaam.

Sasa linganisha na kabichi. Kiwanda cha China ni mkulima wa Lukozi asiyejua dalali alikooa. Benki zinamwazima ujirani asiokuwa nao: mama anajulikana na benki yake, kiwanda kinajulikana na benki yake, na benki hizo mbili zinajuana au zina rafiki wa kati.

Mnyororo wa namna hii si mgeni katika milima hii. Nguo ya ng'ambo ilikuwa ikipanda Usambara kabla hapajawa na benki yoyote. Mmisionari Krapf alipofika kwa mfalme Kimweri ye Nyumbai mwaka 1848, na wapelelezi Burton na Speke walipopanda Vuga, makao ya mfalme huyo, mwaka 1857, nguo ilikuwa zawadi na ilikuwa fedha. Baadaye Semboja, mwana wa Kimweri, alijiweka Mazinde, chini ya mlima kwenye njia ya misafara, mahali ambapo pembe zilishuka na nguo na bunduki zikapanda. Nguo iliyotawala ilikuwa merikani, ambayo jina lake linatangaza kwao, kwa kuwa ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na meli za Salem. Nani alimlipa mfumaji wa Massachusetts? Si mtu wa Usambara moja kwa moja. Matajiri wa Kihindi wa Unguja walimkopesha nguo mwenye msafara, mwenye msafara akarudi na pembe, pembe zikaingia melini. Kila mmoja alimjua aliye jirani naye katika mnyororo, na hilo lilitosha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861 pamba ikaadimika, na nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi. Nguo ilibadilika, mnyororo ukabaki.

Wale matajiri walituachia neno hundi, ambalo leo tunalitumia kwa cheki. Kwa Waarabu tukapata hawala, fedha inayohamishwa kwa neno la mtu. Kwa hiyo mtu akisema Kiswahili hakina msamiati wa malipo ya mbali, ninamwomba akae chini. Tunao mwingi kiasi cha kugongana, na ndiyo maana kutafsiri LC kunaleta kazi.

Wapo wanaosema hati ya dhamana. Ina mvuto, kwani benki imesimama mbele ya mnunuzi. Lakini dhamana imeshalemewa na mizigo. Polisi kuna dhamana. Benki Kuu inauza dhamana za serikali. Na benki za biashara zina dhamana ya benki, ambayo ni kitu kingine kabisa: huko benki hulipa endapo mteja wake ameshindwa. Kwenye LC benki haisubiri mtu ashindwe. Nyaraka zikitimia, ni yake kulipa, iwe mama ana hela au hana, iwe amekasirika au amefurahi. Ukimwambia mtu wa kiwanda kwamba amepewa dhamana, atadhani mlipaji wa kwanza ni mama. Kosa la namna hiyo lina bei.

Wengine husema hati ya amana. Hapo tunajikwaa kwenye kaunta, kwa sababu amana benki ni fedha uliyoweka. Bodi ya Bima ya Amana inalinda akiba za wateja, haihusiki na sweta. Hati ya amana itaeleweka kuwa karatasi ya kuthibitisha kwamba umeweka fedha kwa muda maalumu.

Inabaki hati ya muamana, ambayo baadhi ya wafasiri huitumia, na ndiyo ninayoipendekeza. Credit ya Kiingereza imetoka kwenye kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuamini, na muamana ni hali ya kuaminiana, ndugu yake amini, imani na hiyo amana yenyewe. Ni neno lisilo na kazi nyingi nyingine mjini, kwa hiyo halitagombana na mtu. Hati nayo ni bora kuliko barua. Barua huandikiwa mtu ikamwelezea hali. Hati inashikika, ina masharti, unaweza kuipeleka mahakamani. Kasoro ya jina hili naikubali: watu wawili hawa hawaaminiani hata chembe, na ndiyo sababu wamekwenda benki. Muamana upo baina ya benki na benki.

Jina likishapatikana, bado lipo jambo ambalo jina lolote halitaliokoa, na kwa maoni yangu ndilo ambalo kila mwenye duka angepaswa kulisikia kabla ya kutia saini. Benki inashughulika na karatasi, haishughuliki na sweta. Kanuni zinazofuatwa duniani, za Chemba ya Kimataifa ya Biashara yenye makao Paris, zilianza mwaka 1933 na toleo linalotumika sasa, UCP 600, lilianza kazi tarehe 1 Julai 2007. Zinasema hivyo waziwazi. Karani wa benki hafungui boksi. Ana siku 5 za kazi za kuzitazama nyaraka, na anachokitafuta ni kama zinaoana.

Mtu wa Usambara ataelewa haraka kwa sababu anaijua lumbesa. Karatasi ya ushuru inasema gunia moja. Gunia lenyewe limevalishwa kilemba juu, limefika gunia na nusu. Karatasi haikusema uongo, ila haikuwa inatazama. Hati ya muamana nayo iko hivyo, isipokuwa safari hii anayeweza kupunjwa ni mnunuzi. Njia ya kujilinda ni kuongeza karatasi nyingine: andika kwenye masharti kwamba lazima pawepo cheti cha ukaguzi kutoka kwa mkaguzi wa nje, aliyehesabu na kupima sweta kabla hazijapakiwa. Cheti kisipokuwepo, benki hailipi. Wengi husahau, au huona gharama ya mkaguzi ni kubwa, kisha hupokea sweta za watoto wa chekechea zilizoandikwa saizi ya kidato cha pili.

Maneno nayo yana makali humu. Ukiandika kwamba unataka takriban sweta 600, kanuni zinatoa nafasi ya asilimia 10 juu au chini kwa kile ulichokitakribanisha. Kiwanda kikileta 540, kimetimiza. Sijawahi kuona neno jingine dogo la adabu, ambalo sisi tunalitumia kila siku ili tusionekane wakali, likigharimu sweta 60. Ankara nayo lazima iziite bidhaa kwa jina linaloafikiana na lile la kwenye hati. Hati ikisema sweta za shule na ankara ikasema fulana nzito, karani ataiita hitilafu, na hitilafu ina ada yake.

Ada ndiyo iliyomrudisha nyuma mama yetu. Ipo ya kufungua, ipo ya ujumbe, ipo ya kurekebisha pindi ukikosea tarehe, na benki ya pili nayo ina zake. Nyingi zina kiwango cha chini kisichojali kama umeagiza sweta 600 au 60,000. Kwa kontena zima, ada hizo humezwa. Kwa mzigo unaoingia kwenye kona ya kontena la mtu mwingine, zinakula faida yote. Ningependa kumwona mwenye duka wa Soni, wa Bumbuli na wa Mlalo wakiagiza pamoja na huyu wa Lushoto kwa hati moja. Watu wanaoendesha upatu bila kudhulumiana hawatashindwa hilo, ingawa kupatana rangi ya mstari shingoni kutachukua vikao.

Kwa sasa alichagua TT, telegraphic transfer, yaani kutuma fedha moja kwa moja kupitia benki. Hilo ni jina la enzi za waya: mwaka 1879 kebo ya telegrafu ilifika Unguja kutoka Aden, na tangu hapo neno la fedha likaweza kuitangulia meli. Leo hakuna telegrafu, herufi zimebaki. Kwa Kiswahili uhawilishaji wa telegrafu ni mzigo mzito kinywani. Hawala ya benki inatosha, na ni neno letu la zamani. Mpango uliozoeleka na viwanda ni asilimia 30 kwanza na 70 baadaye. Ile 30 ni arbuni, na masikio yangu hayawezi kulisikia neno hilo bila kusikia kurubuni nyuma yake. Nilimwomba mambo machache tu. Ile 70 isitoke mpaka mkaguzi amepita na nakala ya hati ya shehena, ile wanayoiita BL, imefika. Jina la akaunti liwe la kiwanda chenyewe, si la mtu. Na siku ikija barua pepe kwamba akaunti imebadilika, apige simu kwa namba ile ya zamani, asijibu barua, kwa sababu wezi hukaa ndani ya barua pepe kimya kwa wiki nzima wakingoja siku ya malipo. Aidha aiulize benki makato ya benki za kati yanabebwa na nani, maana fedha ikifika kiwandani imepungua, mzigo hukaa ghalani.

Niliporudi dukani kwake siku nyingine alinionyesha daftari. Upande mmoja ameandika wadeni wake wa siku zote, wazazi waliochukua sare ambao watalipa wakivuna, na juu yake kichwa: Mali Kauli. Ukurasa wa pili una sweta za China, arbuni na tarehe yake, jina la mkaguzi, na nafasi tupu ya BL. Nilitafuta hati ya muamana sikuiona. Juu ya ukurasa ule ameandika kwa kalamu nyekundu: Mali Karatasi.