Historia ya kile kitu kidogo tulichotoa kwa moteri



Leo sitaandika juu ya muhogo wala mbolea. Nitaandika juu ya motokari, hata kama mimi nilisoma agronomia, kwa sababu hii motokari ilikuwa inabeba nyanya zetu, na juu yake tuliharibu jina la mtu.

Ni ile pikapu ya mazutu ya ushirika wetu. Tulikuwa tunapakiza nyanya Kamanyola, mu bonde la Ruzizi, kisha tunapanda Ngomo kurudi Bukavu. Wenye wanaijua Ngomo hawana lazima ya maelezo: kona juu ya kona, vitesi ya kwanza na ya pili, mzigo nyuma, na upepo hauingii vizuri mbele kwa sababu unatembea polepole kama mtu wa miguu. Siku moja sindano ya joto ikapanda mpaka mu nyekundu. Kabla ya kufika juu, moteri ikaisha nguvu, moshi mweupe ukatoka nyuma, na tulipoangalia mafuta yalikuwa kama kahawa ya maziwa. Joini ya kulasi ilikuwa imekufa. Nyanya zikalala njiani siku mbili.

Komite ikakaa. Tukasema: shofere hakuweka mayi. Tukamkata mshahara wa miezi miwili. Mimi ndiye nilikuwa mwandishi wa ule mkutano, sahihi ni yangu.

Shofere hakupiga kelele. Alinifuata inje akaniambia tu: «Injinia, mayi nilitia, bidoni mbili nzima. Hii motokari ilianza kuchemka tangu siku walitoa ile kitu.»

Ile kitu ni termostati. Miezi kadhaa mbele, garaji moja ilitutolea, wakisema huku kwetu joto iko mingi, hiki ni kitu cha inchi za baridi, kinazuia mayi bure. Sisi wote tulikubali. Kisha joto ilipoendelea, tukanunua radiateri mpya. Kisha pompi ya mayi. Kisha dirite zote mbili. Feza ikaisha, na Ngomo ikatushinda tena.

Njo maana nilianza kusoma gisi hivi vipande vilifika kwa moteri, kimoja kimoja. Niliyokuta ilinishangaza.

Mwanzoni hakukuwa hata radiateri. Motokari ya Karl Benz, ile ya patenti ya tarehe 29 Januari 1886, ilipoza moteri kwa kuacha mayi yachemke na kwenda mu hewa, kama sufuria. Mayi yakipungua, unaongeza. Mwezi wa Agosti 1888 bibi yake, Bertha Benz, alichukua motokari na watoto wake wawili bila kumwambia bwana, akatoka Mannheim kwenda Pforzheim, kilometre zaidi ya 100. Petroli ya kusafishia nguo aliinunua kwa duka la dawa kule Wiesloch, kwa sababu stesheni ya esansi haikukuwa bado. Lakini kazi kubwa ya ile safari ilikuwa mayi: kila pahali walisimama kutafuta. Shofere wetu na bidoni zake mbili, Bertha alimutangulia zaidi ya miaka 100.

Wilhelm Maybach ndiye alileta jibu ambalo tunaliona mpaka leo mbele ya gari, yani pale kwa pua. Mu mwaka 1900, kwa ile Mercedes ya nguvu za farasi 35, alitengeneza radiateri inayofanana na sega la nyuki: vijiti 8,070 vya mraba vyenye tundu, kila kimoja milimetre 6 kwa 6, upepo unapita ndani na mayi yanazunguka kati yao. Badala ya kupoteza mayi, sasa yanapozwa na kurudi kazini. Mayi ya kubeba yakapungua sana. Mimi mwenye kufuga nyuki kidogo, hapo nilicheka.

Sasa Rudolf Diesel, mwenye jina la moteri yetu. Huyu alichukia kupoteza joto, na alikuwa na haki: kila joto unalotoa kwa mayi ni mazutu ulilipa. Mu kitabu chake cha 1893 alifikiri kwamba moteri yake inaweza kufanya kazi bila kupozwa na mayi. Moteri ya majaribio ya kwanza, iliyojengwa kule Augsburg mwaka huo huo, haikukuwa na mayi kuzunguka silindiri. Haikuenda mbali. Zile zilizofuata zilivalishwa mayi, na tarehe 17 Februari 1897 Profesa Moritz Schröter alipima akakuta asilimia 26.2 ya nguvu ya mafuta inageuka kazi. Mashine za mvuke za wakati ule hazikufika hapo. Lakini hesabu ile inasema pia kitu ingine: karibu robo tatu inabaki joto, na inapaswa kutoka pahali fulani, kwa moshi ao kwa mayi. Mwenye akili ya kutengeneza dizeli mwenyewe alikosea juu ya mayi. Komite yetu ilikuwa na kampani nzuri.

Pompi nayo haikukubaliwa mara moja. Ford T, iliyoanza 1908, ilikuwa na pompi kwa zile 2,500 za kwanza tu, kisha wakaitoa. Walitegemea mayi ya moto yapande yenyewe juu mu radiateri, yapoe, yashuke. Ni rahisi, haina mukaba wala beringi ya kukufa. Ila mayi yakishuka chini ya mdomo wa dirite ya juu, mzunguko unasimama. Ndiyo sababu ya zile picha za zamani za Ford inatoa mvuke mu mupando.

Pompi iliporudi kwa motokari nyingi, ikaleta shida kinyume: mayi yanazunguka sana hata moteri ikiwa bado baridi. Moteri ya mazutu yenye baridi inachoma vibaya, inatoa moshi, inakula silindiri. Hapo ndipo inaingia termostati, mulango unaofungua wenyewe. Za kwanza zilikuwa na kifuko cha alkoli. Mwaka 1934 Sergius Vernet, kule Marekani, akaweka nta mu kikopo cha shaba: nta ikiyeyuka inavimba, inasukuma kijiti, mulango unafunguka. Nta haibabaiki na presio, na hiyo ilikuwa muhimu, kwa sababu radiateri zilikuwa zinaanza kufungwa kwa bushoni yenye ressori.

Ile bushoni, msiidharau. Bukavu iko karibu metre 1,500 juu ya bahari, mayi ya wazi yanachemka hapa kwa digri 95 hivi, hapana 100. Bushoni nzuri ya 0.9 bari inapandisha ile hesabu mpaka karibu 115. Bushoni ya kuchoka, ya dola kidogo, inakunyanganya digri 20 mu Ngomo.

Basi, kwa nini kutoa termostati kulituchemshia motokari? Nilifikiri kama kila mtu: mulango ukitoka, mayi yanapita zaidi. Lakini kwa moteri nyingi, na nyingi za Toyota, termostati ina milango miwili. Moteri ikiwa baridi, mayi yanazunguka ndani tu, kwa njia ya mkato. Nta ikiyeyuka, sahani ya juu inafungua njia ya radiateri, na sahani ya chini inafunga ile ya mkato. Ukitoa kipande chote, njia zote mbili zinabaki wazi. Sehemu ya mayi ya moto inarudi kwa moteri bila kuona radiateri hata siku moja. Mu bonde haujui kitu. Mu Ngomo unajua.

Tulinunua termostati. Mbele ya kuifunga niliitundika kwa uzi mu sufuria, pamoja na termometre yangu ya kupimia kompositi. Kwa digri 82, kama ilivyoandikwa juu yake, ikaanza kufunguka polepole. Tuliweka na bushoni mpya, kulasi ikasawazishwa, mayi ya mto tukaacha kwa sababu yanaacha magaga meupe ndani ya radiateri, na tukatoa hewa yote mbele ya kufunga.

Jumamosi iliyopita tulipanda na kreti 40. Sindano ilikaa katikati mpaka Nyangezi. Shofere alikuwa anaiangalia zaidi ya barabara, nilimuomba aangalie barabara.

Mshahara wake wa mwezi mmoja umerudishwa. Wa pili komite inasema kesha ni tupu, tungoje mavuno. Nimeandika barua ya kubadilisha ile ripoti ya mkutano, na sehemu yangu nimeshalipa. Wanakomite wengine wako mu hii paji, watajitambua.