Habari ya Mashine Yetu ya Kutotolesha Vifaranga

Wenzetu wamekwisha kueleza katika kijitabu hiki habari za hisa, za mikopo na za sanduku letu la kufuli tatu. Sisi wa uongozi tumeombwa kueleza habari ya mashine, kwa sababu ndiyo iliyotaka kutuvunja. Tutaieleza kama ilivyokuwa, hata pale tulipokosea.

Hapa kwetu Tarime ng'ombe ni mali ya mzee. Ndio wa mahari, ndio wa kuhesabiwa. Kuku ni wa mama. Mtoto akitaka daftari hushiki ng'ombe, unashika jogoo unakwenda naye sokoni. Kwa hiyo tulipoanza kikundi mwaka 2015, mikopo mingi ya mwanzo ilikwenda kwenye kuku wa kienyeji. Adui wa kwanza alikuwa kideri. Hicho tulikizuia kwa chanjo ya tone la jichoni, kila baada ya miezi mitatu bila kuruka. Kuku wakabaki hai, mayai yakawa mengi. Lakini kuku wa kienyeji anaatamia mayai kumi mpaka kumi na tano tu kwa siku 21, halafu analea miezi miwili mitatu hatagi, na mwewe naye ana fungu lake. Ndipo mwaka 2018 likaja wazo la mashine, wengine wanaiita inkubeta.

Wapo waliosema kifaranga bila mama ni mambo ya uchawi. Bwana mifugo akacheka. Akatuambia Wamisri walikuwa wanatotolesha mayai kwa maelfu katika majumba ya udongo yenye moto, tangu kabla Yesu hajazaliwa. Hawakuwa na kipimajoto, mtu alichukua yai akaligusisha kwenye kope la jicho, akajua kama joto limezidi. Tulicheka sana habari ya kope. Kumbe tungeitia akilini tusingepata hasara.

Siku ya kuchagua tuliuliza mambo mawili tu: inachukua mayai mangapi, na bei gani. Wawili wakatumwa mjini, wakarudi na boksi la plastiki la kuweka mezani, la mayai 96, linageuza mayai lenyewe, kwa bei isiyofika laki nne. Juu lina namba nyekundu, 37.8. Tuliimba siku ile! Akina mama kumi na wawili wakaleta mayai manane manane, kila yai limeandikwa kwa penseli ni la nani.

Siku ya 21 walitoka vifaranga 11. Siku ya 23 tukavunja yaliyobaki. Vingine vilikuwa vimekamilika hadi manyoya, vimekufa ndani. Mama mmoja aliyetoa mayai manane ya kuku wake wa kuchi hakupata hata kimoja. Basi maneno yakaanza, eti viongozi wamekula pesa, wamenunua kitu kibovu makusudi. Wanachama sita walidai hisa zao wakaondoka. Wawili walirudi baadaye. Wanne hawajarudi mpaka leo, na tukikutana sokoni tunasalimiana tu.

Bwana mifugo alikuja na kipimajoto cha kupimia homa, kile cha zahanati, akakilaza pembeni ya mayai. Namba nyekundu inasema 37.8, kipimajoto kinasema 39 na nusu. Mashine ilikuwa inasema uongo! Akatueleza kwamba joto likipungua kwa saa chache kifaranga anaweza kuvumilia, lakini likizidi linaua upesi. Tena boksi lilikuwa jembamba, umeme ukikatika usiku kwa baridi ya huku milimani linapoa mara moja. Na sisi tulikuwa na makosa yetu. Wengine walileta mayai ya wiki mbili, na wengine mayai ya kuku wasio na jogoo. Hapo mashine ifanye nini?

Mwaka 2020 tulichagua tena, na safari hii tulibishana vikao viwili. Fundi mmoja alitaka kututengenezea ya mafuta ya taa, tukaona moshi wake na kukesha kuchunga utambi havifai. Wengine walitaka kubwa ya mayai mia tano kutoka ng'ambo ya Sirari. Mweka hazina akauliza, mayai ya kuijaza yako wapi? Yai la kutotolesha lisizidi siku saba, na ya kwetu sote ya wiki moja hayafiki sabini. Swali hilo ndilo lililotuokoa. Ikabaki ndogo ya mayai 56, yenye kuta nene, feni ya kusambaza joto, na nyaya mbili, moja ya umeme na moja ya betri ya volti 12. Bei yake ilikuwa juu kuliko ile ya 96. Kununua kidogo kwa bei kubwa! Tulipiga kura ya mikono, 13 kwa 9.

Dukani tulikwenda na kipimajoto chetu. Muuzaji wa kwanza alikataa kuiwasha, tukaondoka. Wa pili alikubali, tukakaa kwenye benchi lake mpaka alasiri tukila maandazi, tunapima kila kona. Ilipokaa kwenye 37.5 kona zote ndo tukalipa.

Unyevu tunauweka asilimia 50 hadi 55. Siku ya 7 tunamulika mayai kwa tochi gizani, yasiyo na mishipa tunayatoa. Siku ya 18 tunaacha kugeuza, tunaongeza maji unyevu ufike 65 hadi 70, na hakuna ruhusa ya kufungua kuchungulia, hata mwenyekiti. Mara ya kwanza tulitoa mayai 9, wakatoka vifaranga 38. Yule mama wa kuchi alikuwa ameapa kutotoa yai tena, tulimbembeleza. Alipata sita.

Usiku wa kuamkia Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 2024, gridi ya taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikawa giza. Mayai yetu yalikuwa siku ya 19. Mama wa zamu anasema hakuamshwa na giza, aliamshwa na ukimya wa feni. Akaunga betri kabla hajatafuta hata taa. Vilitoka vifaranga 41.

Lile boksi la kwanza tumeling'oa nyaya, kuku wa katibu anaatamia humo.

Sasa tunabishania majogoo. Tumekubaliana kubadilishana kila mwaka, ili jogoo asipande watoto wake, lakini mwenye jogoo mzuri hataki kumtoa. Na wapo wanaotaka kuingiza mayai ya chotara, Sasso na Kuroiler, tukawaambia vifaranga vya chotara havifuati wazazi, utapata huyu mkubwa huyu mdogo. Hawajaridhika. Ajenda hiyo iko kwenye kikao kijacho.