Uso wa Hokusai Akiwa na Miaka 83

Mwaka 1842, mchoraji wa Kijapani Katsushika Hokusai alijichora kwa wino ndani ya barua. Mchoro huo, ambao sasa umo katika jumba la makumbusho mjini Leiden, Uholanzi, ni wa haraka: vazi limechorwa kwa mistari michache isiyojali kupendeza, ilhali uso umejaa makunyanzi ambayo mkono haukujaribu kuyaficha. Kando yake pametajwa umri, miaka 83, kwa hesabu ya Wajapani wa zama hizo, ambao walimhesabia mtoto mwaka mmoja siku ya kuzaliwa na kumwongezea mwingine kila mwaka mpya ulipoingia. Watazamaji wengi wa leo huuona mchoro huu kama picha ya hekima: mzee amefika, ametulia, anatuangalia kutoka kileleni. Usomaji huo, kwa maoni yangu, unamgeuza Hokusai kuwa kinyume cha alichokuwa akidai. Alijichora kama fundi ambaye bado yuko kazini, na umri aliutaja kama hoja ya kikazi.

Ushahidi wa kwanza ni barua yenyewe. Ilifuatana na michoro ya zamani aliyoifanya alipokuwa na miaka 41 au 42, yaani nusu ya umri wake. Kwa hiyo aliyeipokea aliwekewa mbele mikono miwili ya mtu mmoja, wa zamani na wa sasa, ailinganishe. Ushahidi wa pili ni maneno aliyoyachapisha mwaka 1834 mwishoni mwa kitabu chake cha mandhari mia za Mlima Fuji. Humo alisema kwamba tangu utotoni alikuwa na shauku ya kuchora, lakini hakuna alichokifanya kabla ya miaka 70 kinachostahili kuhesabiwa. Kwamba alipofika 73 ndipo alipoanza kuelewa kidogo maumbile ya wanyama na mimea. Na kwamba angeendelea kupanda hadi 110, ambapo kila nukta na kila mstari ungekuwa na uhai. Kwa kipimo hicho alikuwa akizitupa hata juzuu za kwanza za mkusanyo wake wa michoro uitwao Manga, zilizoanza kutoka mwaka 1814 na kumpa umaarufu. Chapa yake ya wimbi kubwa inayojulikana dunia nzima ilitoka karibu mwaka 1831, akiwa ndiyo kwanza amevuka sabini.

Msemo wetu kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi unaipa miaka sifa yenyewe kwa yenyewe. Hokusai hakuipa miaka sifa hiyo. Kwake miaka ilikuwa na thamani kwa kadiri mkono ulivyofanyishwa kazi ndani yake.

Anaweza kutokea mtu akasema haya yote yalikuwa biashara. Kitabu cha 1834 kiliuzwa, na mzee anayetangaza kwamba ubora wake bado unakuja ana sababu ya kulitangaza hilo. Hali nayo ilikuwa ngumu: moto wa mwaka 1839 uliteketeza karakana yake pamoja na michoro mingi, mchoraji Hiroshige, mdogo wake kwa umri, alikuwa amewavutia wanunuzi wa chapa za mandhari, na mwaka huohuo wa 1842 serikali ya Edo ilipiga marufuku chapa za waigizaji na makahaba, ikawabana wachapishaji. Hoja hii ina uzito, lakini haifiki mbali. Kuanzia mwishoni mwa 1842 hadi mwaka uliofuata, Hokusai alijiwekea desturi ya kuchora simba asubuhi kama kinga dhidi ya mabaya. Zaidi ya karatasi 200 za simba hao zimebaki. Hazikuchorwa ziuzwe. Mtu anayejifanya mwanafunzi kwa ajili ya wateja hana haja ya kujifunza pale ambapo hakuna mteja anayemwona.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Uso ni mmoja, lakini nyumba ilikuwa na wachoraji wawili. Binti yake Ōi, mchoraji hodari kwa jina lake mwenyewe, aliachana na mumewe akarudi kuishi na kufanya kazi na baba, na wataalamu wengi wanahisi mkono wake katika kazi za uzeeni zilizotiwa saini ya Hokusai. Je, picha hii haimfichi binti? Inamficha, na anayeisifu hana budi kulikubali hilo. Hata hivyo jambo hilo linazidi kuiweka picha katika karakana, ambako ufundi hupitishwa kutoka mkono hadi mkono, na kuiondoa katika dhana ya mwenye kipaji aliyejitenga peke yake.

Miaka iliyofuata mchoro huo inatoa uamuzi. Wateja wa chapa walipopungua, aligeukia zaidi picha za brashi. Akasafiri hadi Obuse milimani, ambako alisanifu feniksi wa dari ya hekalu la Ganshōin, kazi ya mwaka 1848. Alifariki mwaka 1849, akiwa na miaka 90 kwa hesabu yao, ishirini pungufu ya lengo alilojiwekea. Kumfanya mzee wa Leiden kuwa nembo ya hekima iliyokamilika ni kumpa heshima aliyoikataa hadharani, na kumnyang'anya aliyoitaka: kupimwa kwa kazi ambayo alikuwa hajaifanya bado.