Saini ya Mwalimu

Upinzani dhidi ya ufashisti ukitajwa, wengi wetu hukumbuka mizinga ya 1939 hadi 1945. Lakini kabla ya mizinga palikuwa na kalamu na muziki, na hapo ndipo penye somo kwetu sisi walimu.

Juni 1924, mbunge wa Italia, Giacomo Matteotti, alitekwa na kuuawa na wafashisti. Mwezi huohuo mwanafalsafa Benedetto Croce, akiwa seneta, bado aliipigia serikali ya Mussolini kura ya imani. Haukupita mwaka akageuka. Aprili 21, 1925, Giovanni Gentile, rafiki yake wa zamani aliyepata kuwa waziri wa elimu, alitoa ilani ya wasomi wa kifashisti. Mei 1 Croce akamjibu kwa ilani nyingine gazetini, akisema kazi ya msomi si kuupamba utawala. Mwaka 1926 nyumba yake huko Naples ilivamiwa.

Mei 1931, mjini Bologna, Arturo Toscanini alikataa kuanza onyesho lake kwa wimbo wa chama. Alipigwa mlangoni mwa ukumbi. Hakuongoza tena muziki nchini mwake hadi baada ya vita.

Mwaka huohuo ikaja zamu ya walimu. Maprofesa wapatao 1,200 walitakiwa waape kuwalea vijana katika utii kwa utawala. Waliokataa ni kama 12 tu, miongoni mwao Vito Volterra wa hisabati na Lionello Venturi wa historia ya sanaa. Walipoteza kazi.

Je, wale wengine walikuwa waovu? La. Wengi walikuwa na watoto wa kulisha. Croce mwenyewe aliwashauri baadhi yao waape, ili nafasi zao zisiangukie mikononi mwa wafashisti. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema ainame mpaka wapi. Mwaka 1938 zikaja sheria za ubaguzi, na maprofesa Wayahudi wakafukuzwa, hata wale waliokuwa wameapa. Kiapo hakikuwalinda.

Nimefundisha walimu miaka mingi, na hesabu hiyo ya 12 hainitoki akilini. Utawala haukuhitaji imani ya wale wengine. Saini ziliutosha, na wanafunzi walikuwa wakitazama.