Saa, Kinywa na Titi: Mabadiliko ya Mafundisho ya Kunyonyesha kwa Akina Mama Wapya, 1907–1989

Historia ya unyonyeshaji katika karne ya 20 aghalabu husimuliwa kama mapambano baina ya maziwa ya mama na maziwa ya kopo. Simulizi hiyo ina ukweli, lakini inaficha jambo moja. Mafundisho yaliyokausha matiti ya akina mama wengi nchini Uingereza na Nyuzilandi hayakutokana na wauzaji wa maziwa ya kopo pekee. Kwa sehemu kubwa yalitungwa na watetezi wa titi wenyewe. Makala hii inajenga hoja kwamba kosa la watetezi hao lilikuwa la kimbinu: walipima muda wa kunyonya, ilhali tatizo lilikuwa kinywani mwa mtoto.

Mtu anayehusishwa zaidi na mafundisho hayo ni daktari Frederic Truby King (1858–1938), msimamizi wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Seacliff, karibu na Dunedin. Katika shamba la hospitali hiyo alishughulikia ulishaji wa ndama, na uzoefu huo akauhamishia kwa binadamu. Mwaka 1907 chama kilichokuja kujulikana kama Plunket kilianzishwa Dunedin, na wauguzi wake wakaanza kuwatembelea akina mama majumbani. Kitabu chake, *Feeding and Care of Baby*, kilitoka mwaka 1913. Kufikia mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, mafundisho yake yalikwishafika London.

King alisisitiza kwamba hakuna chakula kinachopita maziwa ya mama. Hata hivyo, alitaka titi litolewe kwa ratiba: mtoto anyonye saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku, kisha asipewe kitu mpaka kuche. Kumpa titi kila aliapo kulihesabiwa kuwa kumharibu tabia. Wafuasi wake walitaja kupungua kwa vifo vya watoto wachanga nchini Nyuzilandi kuwa ushahidi wa mafanikio, dai ambalo wanahistoria, akiwamo Philippa Mein Smith, wamelihoji.

Katika wodi za uzazi za katikati ya karne, ratiba iliambatana na masharti mengine. Mtoto alilazwa katika chumba cha watoto, mbali na mama, akaletwa kwa saa maalumu. Siku ya kwanza aliruhusiwa dakika chache tu kila titi, kisha muda ukaongezwa polepole, kwa imani kwamba kunyonya sana ndiko kunakochubua chuchu.

Athari zake zinaeleweka vizuri zaidi kwa elimu ya leo. Titi hutengeneza maziwa kwa kadiri linavyotolewa. Likiachwa limejaa, utengenezaji hupungua. Homoni ya prolaktini nayo hupanda zaidi usiku, wakati ule ule ambao ratiba iliuziba. (Ni kinaya kwamba sehemu ya ushahidi huu ilitoka kwa mbuzi waliochunguzwa nchini Uskoti katika miaka ya 1980: kosa lililoanzia kwa ndama lilisahihishwa zizini.) Mama aliyetii maagizo yote alijikuta baada ya wiki chache hana maziwa ya kumtosha mtoto. Lawama haikuielekea ratiba. Ilimwangukia yeye, kwamba maziwa yake hayatoshi, naye akapewa chupa. Hivyo utiifu wake ukageuzwa kuwa upungufu wa mwili wake.

Badiliko la maana lilianza kwa swali dogo kuhusu vidonda. Mwaka 1945 daktari Mavis Gunther alichapisha katika jarida la *The Lancet* makala kuhusu vyanzo vya vidonda vya chuchu, akayaelekeza macho ya wataalamu kwenye namna titi linavyokaa kinywani. Mtoto anayeshika ncha ya chuchu peke yake huibana kati ya ulimi na kaakaa gumu; huchubua na hapati maziwa ya kutosha, hata akikaa titini saa nzima. Anayepanua kinywa akalishika titi lenyewe, kidevu kikiligusa na sehemu kubwa ya duara linalozunguka chuchu ikiwa ndani, huifikisha chuchu nyuma, kwenye kaakaa laini, mahali isipoumia. Mwaka 1955 Gunther alieleza pia kwamba mtoto ambaye tundu za pua yake huzibwa titini hupigana nalo, na anaweza kulikataa baadaye. Mtoto aliyeonekana mkaidi alikuwa anatafuta pumzi.

Msomaji wa Kiswahili atatambua hapa jambo ambalo sarufi ya lugha yake imelihifadhi. *Nyonyesha* ni kauli ya kusababisha ya *nyonya*: mwenye tendo la asili ni mtoto, na mama humwezesha. Mafundisho ya ratiba yalimwondoa mtoto katika nafasi hiyo, yakaiweka saa ya ukutani.

Uvumbuzi wa Gunther haukuvunja taratibu za wodi mara moja. Mwaka 1985 mkunga Chloe Fisher wa Oxford bado aliona haja ya kuandika, katika jarida la *Midwifery*, jinsi taaluma yake ilivyopotoka kuhusu unyonyeshaji. Miaka minne baadaye, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa Hatua Kumi kwa huduma za uzazi. Hatua ya tano ilitaka mama aonyeshwe namna ya kunyonyesha. Ya saba, mama na mtoto wakae pamoja saa 24. Ya nane, mtoto anyonye kila atakapo. Hiyo ya nane iliandikwa upya mwaka 2018: sasa mama husaidiwa kuzitambua dalili za njaa za mtoto na kuziitikia, kabla hajafikia kulia.