Ruta 20, Imeji Moja: Acha Kuseti WiFi ya Mtaa kwa Mkono

Umepata kazi ya kuweka WiFi ya mtaa, ruta 20 kuanzia Kisumu Ndogo hapa Malindi hadi Mnarani. Unaseti moja moja: jina, saa, paswadi. Ya 7 umechoka, ya 12 umekosea. Halafu mwenye duka kule Mnarani anabonyeza kile kitufe kidogo cha nyuma, kila kitu kinapotea. Hiyo ni matatu hadi Kilifi na uvuke daraja, juu ya kitufe tu. Noma.

Dawa ni hii: usiseti ruta, seti imeji.

Imeji ni nini?
Ni faili moja lenye mfumo wote wa Linux. Tuchukue OpenWrt, mradi ulioanza 2004 kwa ruta ya Linksys WRT54G. Kwa ruta nyingi, mfumo wake umefinywa kwa squashfs, haiandikiki. Mabadiliko yako hukaa kwa tabaka la juu. Kile kitufe hufuta tabaka la juu pekee. Kwa hivyo ulichopika ndani ya imeji kinarudi chenyewe.

Unapikaje?
1. Pakua Image Builder ya chipu ya ruta yako. Inataka kompyuta ya Linux.
2. Unda folda, iite `files`. Ukiweka kitu kwa `files/etc`, kitatokea kwa `/etc` ya ruta.
3. Andika skripti `files/etc/uci-defaults/99-mtaa`:

```
uci set system.@system[0].hostname='mtaa'
uci set system.@system[0].zonename='Africa/Nairobi'
uci set system.@system[0].timezone='EAT-3'
uci commit system
exit 0
```

4. Piga `make image PROFILE="jina_la_ruta" FILES="files"`.

Ruta ikiwaka mara ya kwanza, skripti inakimbia. Ikimaliza na 0, inafutwa. Ikifeli, inabaki na kujaribu tena ukiwasha.

Ukitumia Buildroot
Hapa skripti ya post-build inakimbia kwa kompyuta yako, kabla imeji haijafungwa. Inapewa njia ya folda ya mfumo kama `$1`. Andika `"$1/etc/hostname"`, si `/etc/hostname`. Ukisahau hiyo `$1`, unaandikia laptop yako mwenyewe, na ukiwa ruti utalia.

Mtego wenyewe
Usipike paswadi moja ndani ya imeji. Yeyote akipata hilo faili anaifungua kwa `unsquashfs` na kusoma kila kitu. Ruta moja ikiibiwa, zote 20 ziko wazi, na wateja wako ndani. Pika ufunguo wako wa umma wa SSH kwa `files/etc/dropbear/authorized_keys`. Huo hata ukionekana hakuna noma. Ule wa siri ubaki kwako. Paswadi ya kila ruta iseti baadaye, yake peke yake.

Jaribu na ruta moja kwanza. Bonyeza kitufe mwenyewe. Ikirudi fiti, flashi zile 19.