Doha: Kutoka kupiga mbizi hadi mafuta kwenye ini

Vipimo vya damu vinapoonyesha kuwa hali ya ini au kiwango cha lehemu, yaani kolesteroli, kimepanda kidogo, aghalabu mhusika hahisi lolote. Wengi huikunja karatasi ya majibu na kuitia mfukoni. Mjini Doha, mji mkuu wa Qatar, majibu ya namna hiyo yana historia yake, nayo haizidi sana umri wa mzee mmoja.

Kabla ya mafuta, Doha iliishi kwa lulu. Kila kiangazi mashua zilikaa baharini karibu miezi minne. Wapiga mbizi, wakiwemo watumwa wenye asili ya Afrika Mashariki, walianza siku kwa tende na kahawa, na mlo kamili wa wali na samaki ulikuja jioni, kwani tumbo lililoshiba halipigi mbizi. Hayakuwa maisha ya kutamaniwa. Wengi walizama katika madeni, na wengine hawakurudi pwani. Katika miaka ya 1930 lulu za kufugwa za Japan, pamoja na mdororo wa uchumi wa dunia, ziliiangusha biashara hiyo, na njaa ikabisha hodi.

Mafuta yalianza kuuzwa nje mwaka 1949. Utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1952, na mwaka 1957 hospitali ya Rumailah ikafunguliwa. Zikaja motokaa, viyoyozi na vyakula vya kila aina. Katika mji ambao joto la kiangazi hupita nyuzi 40, kutembea kwa miguu kukabaki kwa asiye na gari. Uchunguzi wa mwaka 2012 ulikuta takriban raia 7 kati ya 10 wa umri wa utu uzima wana uzito uliozidi.

Kwa muda mrefu, daktari aliyekuta ini lililovimba kwa mafuta alimshuku mgonjwa kuwa mlevi wa siri, tuhuma nzito kwa Mwislamu. Mwaka 1980, Jurgen Ludwig na wenzake wa kliniki ya Mayo nchini Marekani walieleza habari za wagonjwa 20 wenye ini la namna hiyo ambao hawakuwa walevi. Wengi wao walikuwa wanene.

Tiba ya kwanza si kidonge. Daktari akishahakikisha kwamba chanzo si homa ya ini aina ya B au C, pombe au dawa fulani, humshauri mgonjwa apunguze asilimia 7 hadi 10 ya uzito wake, aache vinywaji vya sukari, apunguze samli na nyama ya mafuta, atembee kila siku, kisha apimwe tena. Mwenye hatari kubwa ya maradhi ya moyo huongezewa dawa ya lehemu.

Serikali nayo ilichukua hatua. Kwa amri ya mwaka 2011, Jumanne ya pili ya Februari ikawa Siku ya Michezo ya taifa, ikiadhimishwa kwanza tarehe 14 Februari 2012. Ofisi hufungwa, na barabara ya ufukweni ya Corniche hufurika watu. Lakini ini halipungui mafuta kwa siku moja ya mwaka. Tena wako madereva na walinzi, wakiwemo Wakenya na Waganda, ambao siku hiyo huwa kazini, wameketi saa nyingi, na chakula chao huja usiku wa manane.